Kayaki Hazibomoi Venice
Imeandikwa kwamba misafara ya kayaki ifukuzwe Venice kwa kuwa inauharibu mji wa kale. Hoja hiyo imemwacha mkosaji na kumkamata mpita njia.

Kinachoutafuna mji ni mawimbi ya boti za injini: yanapiga kuta, yanalegeza chokaa kati ya matofali, maji ya chumvi yanapenya. Kwa kuyapinga, mwaka 1975 wenyeji walianzisha Vogalonga, safari ya makasia ya takriban kilomita 30. Leo kayaki nazo zimo.

Kweli, kundi likijitawanya ovyo kwenye mfereji mwembamba humzibia njia mwenye gondola. Basi lipite mstari mmoja, likiongozwa na mwenyeji. Lakini kafi likitoka majini huacha viduara vinavyokufa kabla ya kugusa ukuta. Wanaoupenda mji huo wazibane injini.