Kitambulisho Chamtaja Majeruhi, Hakimtaji wa Kupigiwa Simu

Mtu akigongwa na pikipiki katika Kata ya Tandale, Manispaa ya Kinondoni, na kufikishwa hospitalini akiwa hana fahamu, kinachotafutwa kwanza mifukoni mwake ni kitambulisho. Kadi ya Taifa itaeleza jina lake na namba yenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Hata umri utajulikana. Leseni inayotolewa na TRA itaonyesha madaraja ya magari anayoruhusiwa kuendesha. Hakuna kadi kati ya hizo inayosema apigiwe nani. Simu yake nayo, mara nyingi, imefungwa kwa namba ya siri.

Pengo hilo huwaumiza zaidi wasiokuwapo eneo la ajali. Mama anayemuuguza mzazi aliyepooza akilazwa bila ndugu kuarifiwa, mgonjwa wake hubaki chumbani bila chakula wala dawa. Katika nyumba za kupanga za Tandale, jirani wa chumba cha pili huenda akagundua. Huenda pia yuko kazini hadi usiku. Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa huwafahamu wakazi wa siku nyingi, si aliyehamia mwezi uliopita.

Je, namba ya ndugu iandikwe usoni mwa kadi? Kwa maoni ya mwandishi, hapana. Leseni hudumu miaka mitano, namba za simu hubadilika kabla ya hapo, na kadi iliyopotea ingemkabidhi tapeli jina la mtu pamoja na simu ya ndugu yake. Jimbo la Florida nchini Marekani, lililoanza utaratibu wa aina hii mwaka 2006, huruhusu mwenye leseni kuandikisha watu wawili kwenye kanzidata inayosomwa na polisi wakati wa dharura. Kadi yenyewe haibadiliki.

Hapa nchini kanzidata ya NIDA ipo, na tangu 2019 laini za simu husajiliwa kwa alama za vidole kupitia hiyo. Hata hivyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlinda pia anayetajwa: naye aridhie kabla namba yake haijaingizwa. Lililo gumu zaidi ni nani aifungue taarifa hiyo usiku wa manane, muuguzi wa zamu au askari anayejaza PF3.

Kwa sasa, anayemlea mgonjwa anaweza kuweka pamoja na kitambulisho chake karatasi yenye namba mbili za ndugu, mtaa anaoishi, na maneno haya: nyumbani yupo mgonjwa.