Krismasi ya Kwanza Ng'ambo

Kila Desemba inapokaribia mwisho, utadhani Nairobi yote inahama. Katika stendi ya mabasi ya Machakos watu hugombania viti, nauli hupandishwa ovyo, na magodoro, masufuria na magunia hufungwa juu ya magari yaendayo Kisii, Kakamega, Siaya na Meru. Abiria hulalamika, lakini huondoka vivyo hivyo, kwa kuwa Krismasi kwetu ni safari ya kurudi nyumbani. Asiyefika huulizwa habari zake mpaka mwaka mpya uingie.

Lakini wako wenzetu ambao hata nauli ikishuka hawawezi kufika, nao ni wale waliokwenda Uingereza miaka hii ya karibuni. Mwaka 2021 serikali yetu na ile ya Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kupeleka wauguzi huko. Kuanzia Februari 2022 Uingereza ikafungua mlango kwa watunzaji wa wazee pia. Mlango huo wa watunzaji ulifungwa Julai 2025 kwa waombaji wapya kutoka nje, lakini waliokwisha kuingia wangali huko. Tena, mtunzaji aliyeomba viza baada ya Machi 11, 2024 hakuruhusiwa kwenda na mume, mke wala watoto, na wanafunzi wengi walizuiwa vivyo hivyo tangu Januari mwaka huo. Kwa hiyo mgeni wa siku hizi mara nyingi yuko peke yake, na sheria ndiyo iliyoamua awe peke yake. Twataka kusema machache juu ya Krismasi ya mtu huyo, maana yaonekana sisi tuliobaki nyumbani hatuielewi sawasawa.

Mwanzoni mambo humdanganya. London ya Desemba hung'aa kwa taa tangu Novemba. Pale Trafalgar Square husimamishwa mti mrefu ambao watu wa Oslo wameupeleka kila mwaka tangu 1947, kuwashukuru Waingereza kwa msaada wa wakati wa vita. Madukani watu husukumana. Mgeni huona hayo akasema moyoni, ikiwa matayarisho ni haya, je, siku yenyewe?

Siku yenyewe ikifika, jiji huzima. Desemba 25 treni za chini ya ardhi hazitembei, wala mabasi, wala treni za mikoani isipokuwa chache mno. Maduka makubwa, yaliyozidi mita 280 za mraba, yamekatazwa kufunguliwa siku hiyo kwa sheria ya 2004 inayotumika England na Wales. Teksi ziko, lakini bei yake huitazama ukaamua kurudi kitandani. Jua lenyewe huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi alasiri. Ambaye hakwenda kulala kwa rafiki yake tangu usiku wa tarehe 24 atashinda chumbani mwake, akisikia vijiko vya jirani ng'ambo ya ukuta.

Na huko kwa jirani watu wanakula. Kuna bata mzinga, viazi vya kuoka, kabichi ndogo ndogo mfano wa ndimu ambazo watoto wao wenyewe hawazipendi, na keki nzito nyeusi ya matunda makavu. Kabla ya kula, watu wawili huvutana karatasi iliyoviringishwa mpaka ikapasuka kwa mlio. Ndani yake mna taji la karatasi, na mtu mzima, hata awe hakimu, hulivaa akala nalo. Saa tisa alasiri wengi huketi kumsikiliza mfalme, desturi iliyoanzishwa na George wa Tano mwaka 1932 kwa njia ya redio.

Katika haya yote hakuna anayebisha hodi. Hapo ndipo mgeni wetu huumia. Yeye ametoka mahali ambapo 'karibu' hutoka kinywani kabla hodi haijaisha, na mpita njia siku ya Krismasi hupewa sahani kabla hajaulizwa jina. Sasa amekaa miezi minne karibu na watu wanaomsalimu vizuri kila asubuhi, na hakuna hata mmoja aliyemwita. Huamua kwamba wanamdharau kwa rangi yake.

Ubaguzi uko Uingereza, na anayesema hauko hajakaa huko. Lakini mlango huu wa Krismasi hufungwa kwa sababu nyingine. Mwingereza hata kwa ndugu yake wa tumbo moja hafiki siku hiyo bila kupatana naye majuma kadhaa mapema, na wako wazee wa huko huko, waliofiwa na wake zao, wanaokula peke yao nyumba ya pili yake. Mgeni akijua hilo, walau jeraha moja litapungua. Na akialikwa, afike saa ile ile aliyoambiwa, achukue kizawadi kidogo, wala asiongozane na rafiki watatu akidhani chakula ni kingi. Huko viazi vimehesabiwa.

Lakini si wote walio chumbani. Wengi siku hiyo wako kazini, kwa kuwa mzee wa miaka tisini hana sikukuu ya kutokuoshwa wala kutolishwa. Wenyeji wa kazi huomba ruhusa mapema, na mgeni, asiyejua mapema ni lini, hukuta jina lake limeandikwa zamu zote mbili. Malipo ya ziada hutegemea mkataba wake, kwani sheria ya nchi haimlazimishi tajiri kuongeza kitu kwa sababu ya sikukuu. Hata hivyo wengine husema afadhali kazini kuliko chumbani. Kule walau kuna wa kumwambia heri ya Krismasi, hata kama ni ajuza aliyemwambia hivyo mara sita tangu asubuhi kwa kuwa husahau. Basi mama wa Nyeri humlisha mama wa mtu mwingine, huku mamake mwenyewe akilishwa na jirani.

Halafu simu hulia.

Septemba 1959, vijana wetu 81 walipanda ndege kwenda Marekani katika ule mpango wa Tom Mboya. Krismasi yao ya kwanza waliikuta miezi mitatu baadaye, na habari za nyumbani walizipata kwa barua. Upweke wao ulikuwa mkubwa, lakini hakuna aliyeweza kuwadai mbuzi saa tano ya usiku. Siku hizi njia ya simu imekuwa fupi kwa maombi tu, yeye mwenyewe yuko mbali vile vile. Anaombwa mbuzi wa sikukuu, karo ya Januari, mabati, na mchango wa arusi ya binamu ambaye hamkumbuki.

Hatusemi pesa zisitumwe. Mwaka 2024 walio nje walileta Kenya karibu dola bilioni 5, na ziko nyumba nyingi zinazosimama kwa pesa hizo. Neno letu ni juu ya mgeni wa miezi sita. Jamaa huuchukua mshahara wake wakauzidisha kwa shilingi, wakashangaa, wakasahau kwamba kodi ya nyumba nayo hulipa kwa pauni, na gesi ya kupasha chumba joto, na koti, na deni alilokopa ili asafiri. Kwetu mgeni hupewa jembe siku ya tatu. Huyu alipewa siku ya kwanza, na mavuno bado.

Na ninyi Wakenya mliokaa huko miaka kumi, mko wapi? Tunajua wako wanaowakwepa wageni, wakihofia kuombwa mahali pa kulala. Pia wako wanaonunua unga wa chapati katika maduka ya Wahindi, wakatafuta majani yanayokaribia sukuma wiki, wakamzunguka mbuzi katika ukumbi wa kukodi tarehe 26. Hao twawapongeza. Lakini mwenye gari anahitajiwa tarehe 25 hasa, kwa kuwa basi hakuna. Amfuate mgeni alipo.

Aliye nyumbani hahitaji gari. Nairobi ni mbele ya London kwa saa tatu wakati huo wa mwaka. Anayefanya zamu ya usiku hutoka kazini kama saa mbili asubuhi ya kwao, nayo ni saa tano kwetu, chapati zikiwa bado zinapikwa. Mpigieni saa hiyo, kabla hajalala. Mpeni nyanya yake simu kwanza, na habari ya mabati ingoje Februari.