Mopu Mpya, Deki ya Zamani

Ikiwa unaendesha saluni, duka la dawa au hoteli ndogo pale Buruburu, Umoja au Donholm, bila shaka umeziona mopu bapa za maikrofaiba. Wengi huzinunua, kisha huzitumia kama tambara la kawaida: ndoo tele, povu tele, kitambaa chepechepe. Baada ya mwezi wanalalamika kwamba wamepoteza pesa.

Kosa si la mopu. Nyuzi zake za polyesta na nailoni ni nyembamba kuliko unywele, na uchafu hunaswa katikati yake. Ukizijaza maji, hazinasi tena. Unasukuma taka kutoka kona moja hadi nyingine. Fagia kwanza. Lowesha kitambaa, kikamue mpaka kisidondoke, kisha piga deki ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Sakafu hukauka upesi, mteja asije akateleza kwenye vigae akavunjika kiuno. Na katika mitaa hii ambako maji ya mfereji huja kwa zamu, mitungi utakayookoa utaiona mfukoni.

Kitambaa kikichafuka, badilisha. Cha chooni kiwe na rangi yake, na kisivuke mlango huo kamwe!

Lakini mopu nyingi huharibiwa wakati wa kufua (yangu ya kwanza iliishia hapo). Blichi hula nyuzi, nayo dawa ya kulainisha nguo huziziba. Usikifue pamoja na taulo za pamba, kitanasa manyoya yake. Kianike penye upepo, mbali na jiko.