Kisichofunguka si Chetu: Ilani ya Mfangano

Sisi wavuvi wa omena, akina mama wauza samaki, mafundi wa mota za boti, walimu, na vijana tuliomaliza shule tukarudi kisiwani, tunatangaza jambo moja. Kuanzia leo, chombo chochote cha stima kitakachopandishwa kwenye paa zetu au kushushwa kwenye boti zetu kiwe ni chombo tunachoweza kukifungua, kukielewa na kukitengeneza hapa hapa kisiwani Mfangano, Ziwa Victoria. Kisichofunguka hatukitaki, hata kikiletwa bure na kupigwa picha.

Hatuanzi mahali patupu. Kituo cha Ekialo Kiona, chenye redio inayotangaza kwa Olusuba, kimeendeshwa kwa jua na upepo wa ziwa. Visiwa jirani vya Ringiti na Remba vimeona gridi ndogo za sola ambazo mtu hulipia kwa simu. Nayo serikali iliweka hapa kwetu mtambo wa dizeli, na kwa miaka mingi Mfangano imetajwa katika orodha moja na Lodwar, Mandera na Wajir, mahali palipo nje ya gridi ya taifa. Dizeli ya wenzetu hufika kwa lori, yetu sharti ivuke maji. Bei yake huangukia kila Mkenya mwenye mita, maana imo ndani ya ile gharama ya mafuta inayoandikwa kwenye bili. Mtambo huo hatuupigi vita. Kuchomelea vyuma, kusaga mahindi na kugandisha barafu ni kazi za mashine kubwa, na anayewaambia watu kwamba paneli moja itaendesha posho mili ni mwongo. Lakini nyaya hazipandi hadi kila boma la mteremko wa mlima Kwitutu, wala hazifiki majini. Na majini ndiko riziki yetu iliko.

Omena huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa. Baba zetu walitumia karabai, na sehemu nzuri ya pato ilikwenda kwenye mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta hayo ili kuwakomesha wanaoyachanganya na dizeli. Mvuvi hakuwa amechanganya chochote, ila alilipa. Wengi tukahamia taa za LED na betri, na ni kweli zilipunguza gharama. Tatizo likawa jingine: taa nyingi za dukani zimezibwa kwa gundi. Maji yakishaingia mara moja, basi. Fundi huigeuza huku na huku, hapati hata skrubu ya kuanzia, anairudisha kwa mwenyewe kama alivyoipokea.

Taa tunayoitaka ipo, na baadhi yetu wanaiunda tayari. Betri ya pikipiki ya volti 12 hukaa ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha skrubu nne. Chini ya kifuniko huwekwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli kuzuia maji. Kuna swichi, kuna fyuzi, na waya umebanwa kwa skrubu. Asubuhi ikigoma, inafunguliwa ufuoni. Mara nyingi utakuta ukungu wa kijani na mweupe umeota kwenye ncha ya betri. Mimina maji ya moto, kwangua kwa kisu hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi, funga. Kazi hiyo huisha kabla omena hazijaanikwa zikaisha, na mama wa omena anaiweza sawa na mwanawe aliyesomea umeme.

Kuna vifaa vya mkopo vinavyozimwa kutoka ofisini, mbali huko, mteja akichelewa kulipa. Mkopo ni mkopo, hatutetei wadaiwa sugu. Lakini upepo ukichafuka siku tatu, hakuna anayetoka ziwani na pesa, na taa ya mtoto anayesoma inazimwa siku hizo hizo. Tunadai masharti yatambue kazi ya mvuvi ilivyo. Na deni likiisha, kufuli iondolewe na michoro ya ndani itolewe. Tumelipa chote, tupewe chote.

Sasa hesabu, kwa sababu wengi huuziwa ndoto. Paneli ya wati 100 hapa kwetu, siku ya jua la kawaida, itakupa wati-saa kama 400. Betri ya sola ya risasi ya Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwa maandishi, ila ukitaka iishi miaka usitumie zaidi ya nusu. Balbu nne za wati 5 kwa saa tano ni 100. Televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa nne ni 120. Bado una akiba ya simu na redio. Pasi ya stima isahau, tafuta ya makaa. Betri ya gari nayo imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache, ukiifanyisha kazi ya usiku kucha utaizika mapema. Na inapokauka huongezwa maji safi ya betri, si asidi, wala si maji ya ziwa.

Mfangano iko kusini mwa ikweta kwa karibu nusu digrii tu, jua hutupita utosini. Hata hivyo paneli isilazwe chali. Iinue digrii 10 hadi 15 mvua iioshe, kwa sababu mnandi haombi ruhusa, na sami, usubi wa ziwani, wakishuka kwa wingi huacha kioo kimetapakaa.

Upepo tunaupenda, lakini kwa tahadhari. Mtu anaweza kuchonga mapanga ya mbao, kusuka koili za waya wa shaba na kupanga sumaku kwa mikono yake, kwa kufuata michoro ya Hugh Piggott, aliyeibuni huko Scoraig, Uskoti, rasi ambayo watu huifikia kwa boti au kwa miguu. Ila mashine inayozunguka huchoka, na lazima awepo wa kuuteremsha mnara. Tutajenga mmoja wa kujifunzia. Nyumbani, sola kwanza.

Kuhusu betri zilizokufa hatutakuwa na huruma. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi hadi ndani ya miili ya watoto. Phyllis Omido aliongoza mapambano, akapata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi wafidiwe Sh1.3 bilioni. Atakayemwaga asidi ziwani, au kuyeyusha risasi nyuma ya jiko lake, si mwenzetu.

Sheria iko upande wetu kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu mtu kuzalisha umeme wa matumizi yake mwenyewe bila leseni, mradi usizidi megawati moja. Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti usambazaji wa umeme na udhibiti wa nishati. Basi kaunti yetu ya Homa Bay isingoje Nairobi. Fundi wa sola anatakiwa kuwa na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, nasi tunakubali, maana waya mbovu huchoma nyumba. Lakini mtihani uletwe Mbita, na vitendo vyake vifanywe kwa lugha ambayo fundi hufanyia kazi.

Jina bado hatujajipa, na mwenyekiti hatuna haraka naye, tumeona vyama vilivyokufa vikigombania muhuri. Kila ufuo utatoa watu wawili, mmoja lazima awe mwanamke, nao watafundishwa kutumia mita ya volti kabla ya jambo lolote. Kazi ya kwanza ni kuzunguka na BMU, vitengo vya usimamizi wa fuo, kuhesabu betri zilizokufa, ufuo kwa ufuo, kuanzia Sena, na kuziweka chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji, hadi apatikane mnunuzi mwenye leseni. Kiingilio ni bisibisi yako mwenyewe. Asiye nayo alete kifaa kimoja kilichomshinda kufungua.