Hesabu ya Damu Ikishuka Si Kupona

Mwezi huu yatupasa tuseme juu ya maradhi ambayo wazee wetu huyaficha hata kwa wake zao, nayo ni saratani ya tezi dume. Sisemi juu ya mwanzo wake, bali juu ya mzee ambaye maradhi yamekwisha kufika mifupani, akatibiwa, kisha akarudi kwake Kahama au Geita akijiona mzima.

Saratani hii aghalabu hulishwa na homoni ya kiume. Daktari Charles Huggins wa Chicago alilibainisha jambo hilo mwaka 1941, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1966. Basi matabibu huizuia homoni hiyo, ama kwa sindano za mara kwa mara, ama kwa kutoa korodani. (Wako wanaouliza kama upasuaji huo ni halali. Kilichokatazwa ni kujihasi; tiba ya dharura ni jambo jingine, na Mtume, S.A.W., ametuamrisha kutafuta dawa.)

Tezi hiyo hutoa kitu kiitwacho PSA, nacho hupimwa katika damu. Tiba ikishika, hesabu huporomoka. Aliyekuwa na 300 huweza kufika 1 kwa miezi michache. Hapo ndipo wengi hupotea. Mzee hula vizuri, husujudu bila ya maumivu, na nauli ya kwenda Bugando, Mwanza, huonekana ni hasara. Kumbe maradhi yamelala tu, hayakutoka.

Tena liko kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Karatasi ya maabara huandika kwamba chini ya 4 ni kawaida. Hiyo ni kwa mtu asiye na maradhi. Kwa aliyetibiwa, hesabu ikitoka 0.4 ikawa 1.1, kisha 3, hizo ni habari nzito, ijapokuwa zote zi chini ya 4. Hutazamwa mwendo wake, wala si namba moja peke yake. Kupanda mara moja huenda ni uchafu wa mkojo. Basi hupimwa tena, na homoni nayo hupimwa. Homoni ikiwa juu, labda sindano zimerukwa. Ikiwa chini na PSA yazidi kupanda, maradhi yamejifunza kuishi bila ya homoni nyingi, na daktari hutazama dawa nyingine, kama abirateroni.

Enyi vijana mnaochimba dhahabu, mkipeleka fedha nyumbani, ulizeni pia tarehe ya sindano ya baba. Mnunulieni daftari, iandikwe siku, hesabu na maabara iliyopima, kwani maabara mbili huweza kutofautiana. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu wa Geita hangoji tena kivuko.

Na mzee akishikwa na maumivu makali ya mgongo, miguu ikalegea au mkojo ukazuilika, msingoje tarehe ya kipimo. Mpelekeni hospitali siku ile ile, hata kama hesabu yake ya mwisho ilikuwa ndogo, kwani uti wa mgongo ukibanwa kwa muda mrefu, miguu huenda isirudi tena.