Bunia: Ekra mbili kwa laptopu moja, tujaribu mbele ya kulipa

Vijana wengi wa Bunia wanaoshika hesabu za maduka, kutengeneza video ao kuchora ramani wanatamani kuunga ekra mbili ao tatu kwenye laptopu yao. Ni wazo zuri. Lakini kwa maoni yangu, muuzaji asipokee dola za mteja kabla vyote havijawashwa pamoja pale dukani.

Matundu yanaweza kufanana na kazi zao zikatofautiana. USB-C ya laptopu moja inapitisha picha, ya ingine inachaji na kubeba faili tu. Kile kifaa cha bei ndogo kinachogawa HDMI mara mbili kinarudia picha ileile kwenye ekra zote; nafasi ya kazi haiongezeki. Na MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, kwa kawaida inakubali ekra moja tu ya nje.

Wengine watasema mnunuzi ajisomee. Lakini bidhaa nyingi zinatufikia kupitia Uganda. Kifaa kikikataa, nani atakirudisha Kampala?

Tusisahau umeme. Ekra ya inchi 24 inakula karibu wati 20 hadi 30. Kwa mwenye sola ndogo, ekra mbili zinaweza kumaliza betri mbele ya kazi kuisha.

Wenye maduka, wekeni meza ya kujaribia. Wanunuzi, tubebe laptopu zetu, tuseme tunataka ekra ngapi, tuone picha, kisha tulipe.