Mwulize fundi kopo la grisi

KONA YA MSIMBAZI
Na Salum Mwinyikombo

Masika yakishika kasi, mafundi baiskeli wa Kariakoo na Gerezani hupata kazi tele. Habu za magurudumu zinaletwa zinakwaruza, gololi zimeota kutu, koni zimechimbika. Mteja analaumu vipuri: feki! Mimi naanza na grisi, hasa ile inayochotwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo isiyo na lebo. Anayeiuza hajui ni grisi gani, na fundi anayeipaka hajui pia.

Grisi nyingi ni mafuta yaliyoshikwa na sabuni, na sabuni hiyo ndiyo inayoipa tabia. Ya sodiamu hulegea ikiguswa na maji, kwa hiyo hapa Dar haina kazi kwenye baiskeli. Ya kalsiamu huyakataa maji, ila ile ya kawaida huyeyuka karibu na nyuzi 100. Ya lithiamu, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1942, hufika nyuzi 180 hivi, na ndiyo iliyoenea kwenye magari.

Dukani utasifiwa grisi ya joto kali, ya beringi za lori. Habu ya baiskeli haipati joto hilo hata ukipakia magunia mawili ya mkaa. Inachoogopa ni maji na mchanga. Mtazame kijana anayebeba samaki kutoka Feri: barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanachuruzika juu ya gurudumu la nyuma njia nzima, kisha anaingia kwenye tope la Jangwani. Huyo apakiwe grisi ya kalsiamu, au ile ya boti. Anayekwenda kazini kwenye lami kavu, lithiamu namba 2 inamtosha. Namba ni kipimo cha ugumu wa grisi. Nyekundu haishindi buluu, rangi hutiwa kiwandani tu.

Na grisi ya zamani ifutwe yote kwanza. Sabuni mbili zisizopatana zikikutana ndani ya habu, grisi inaweza kulegea ikavuja.

Oili chafu badala ya grisi siikubali kabisa. Imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, haikai kwenye gololi, na ikigusa ngozi mwaka hadi mwaka inaweza kuleta saratani. Vijana wanaojifunza ufundi wanaichovya kwa mikono mitupu kutwa nzima, na hakuna aliyewaambia. Hilo linaniuma kuliko habu zote zilizoharibika.

Muuzaji wa rejareja alazimishwe kuacha lebo ya kiwanda kwenye ndoo, na wakaguzi wa Shirika la Viwango (TBS) wafike hadi vibandani. Mafundi wa kijiwe kimoja wanaweza kuchangia kopo moja lililofungwa. Habu moja haili grisi nyingi. Nawe mteja, ukipeleka baiskeli wiki hii, omba uone kopo lenyewe kabla fundi hajachovya kidole.